Sarafu ya Kale ni Amana: Ifunge Vyema Kabla ya Kuitia Posta

Leo nataka kuwasimulia jambo nililolificha kifuani kwa zaidi ya miaka thelathini. Si jambo kubwa mbele ya walimwengu, kwani ni habari ya bahasha moja na kipande kimoja cha fedha. Lakini mtu akikaa na jambo muda wote huo, na kila akilikumbuka huona haya hata akiwa peke yake gizani, basi jambo hilo si dogo tena.

Marehemu shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na riali mbili. Nazungumzia ile riali ya fedha ambayo wazee wetu waliijua sana, yenye sura ya mwanamke upande mmoja, naye ni Malkia Maria Theresa wa Austria, na upande wa pili ndege tai na mwaka 1780. Riali zile zilitoka katika mahari ya mama yake. Shangazi alizifunga katika kipande cha leso, akazitia ndani ya kijaluba kilichokwisha kazi ya tambuu, na kijaluba akakiweka chini ya nguo zake sandukuni. Sisi watoto tulikuwa tukionyeshwa siku ya Idi tu, tena kwa macho, si kwa mikono.

Mwaka 1994 mwanawe, aliyekuwa amekwenda Muscat kutafuta riziki, alijaaliwa mtoto wake wa kwanza, msichana. Shangazi akaniita chumbani, akafungua kijaluba, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye kalamu katika nyumba hii. Mtumie nduguyo riali moja, amwekee mjukuu wangu. Hii ya pili nitakaa nayo mimi mpaka siku yangu, kisha nayo iende kwake zikutane." Nikamjibu, "Inshallah, shangazi, usiwe na wasiwasi."

Nami sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa kijana, nasoma na kuandika, najua anwani za ng'ambo. Niliandika barua ya kurasa mbili, nikaikunja, nikaitia riali katikati ya mkunjo, nikaisukuma ndani ya bahasha ya kawaida ya barua, nikalamba gundi, nikabandika stempu na kuitumbukiza sandukuni. Kazi yote haikuzidi robo saa.

Baada ya wiki tano nikapata jibu. Ndugu yangu aliniandikia kwamba bahasha imemfikia ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, pembe yake moja imepasuka. Barua ilikuwamo, na juu ya karatasi ilionekana alama ya duara, kama mtu aliyegonga muhuri usio na wino. Riali haikuwamo.

Shangazi aliponiuliza, "Imefika?" nilimjibu, "Barua imefika, shangazi." Akashukuru, akaniombea dua. Nikamwandikia ndugu yangu asimwambie mamake, naye akanistiri. Shangazi alifariki mwaka 2003 akiamini kwamba mjukuu wake ana riali yake.

KOSA LILIKUWA LANGU

Kwa miaka mingi nililaumu wengine. Nilisema moyoni kwamba kuna mkono ulioingia bahashani. Huenda ulikuwapo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini mzee mmoja wa Mji wa Kale, mkusanyaji wa sarafu ambaye hapendi mali yake izungumzwe na kwa hivyo simtaji jina, alinisikiliza nikimsimulia kisa hiki kama kwamba kilimpata mtu mwingine, kisha akacheka.

"Mwanangu," akasema, "hapo hapakuhitaji mwizi. Huyo rafiki yako aliipa mashine mfupa."

Akanieleza. Katika vituo vikubwa vya posta barua hazipangwi kwa mikono peke yake. Hupita baina ya mikanda na magurudumu yanayozunguka kwa kasi, na kila bahasha hubanwa na kupindwa njiani. Karatasi hupinda. Chuma hakipindi. Sarafu iliyo huru ndani ya bahasha hukimbilia pembeni, na bahasha inapogeuka ghafula sarafu hutoboa na kuruka nje. Riali ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28 na upana wa karibu sentimita nne. Kuitia kitu kama hicho katika karatasi iliyokunjwa ni sawa na kutia jiwe ndani ya mfuko wa sukari, kisha ukatumaini mfuko utafika Lamu mzima.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mimi nilifanya rahisi, na upishi ukavunjika.

VITU VILIVYOZOEA SAFARI

Labda msomaji atasema, siku hizi nani anatuma sarafu? Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, fedha zinakwenda kutoka Mombasa hadi Busia bila ya kipande kimoja cha chuma kuondoka mahali pake. Hilo ni kweli kwa fedha ya kutumia. Lakini fedha ya kukumbuka haina njia ya simu. Ile riali ya nyanya, au ile shilingi ya simba ya Afrika Mashariki iliyoanza kupigwa mwaka 1921, au zile senti zenye tundu katikati tulizozichezea utotoni, haziwezi kufika kwa mwenyewe ila kwa kusafiri zenyewe.

Na katika pwani yetu hii wamo watu wengi wenye vitu hivyo bila ya kuvithamini. Ipo pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja, yenye mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni sawa na 1882, na sura ya mizani upande mmoja. Ipo pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyopigwa kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyotawala hapa kabla ya serikali yao, nayo pia ina mizani. Nyuma yao kabisa zipo sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Hizo mimi kama mtu wa mashairi nazipenda kuliko zote, kwa sababu maneno ya Kiarabu ya upande mmoja yalipangwa yapate kina kimoja na maneno ya upande wa pili.

Sarafu hizo za Kilwa zina kisa cha safari kisicho na mfano. Mwaka 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari mmoja wa Australia aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu chache mchangani. Akazitia ndani ya mkebe, na mkebe ukakaa miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1979 ndipo alipozikumbuka akazituma kwa wataalamu wa makumbusho, na ikaonekana kwamba tano kati yake zilipigwa Kilwa. Namna zilivyofika huko wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini fikirini: lau yule bwana angezituma kama nilivyotuma mimi, zingeanguka njiani zikapotea, na leo tusingekuwa na la kubishania.

KWANZA, USIIOSHE

Mtu akitaka kumtumia mwenziwe kitu kizuri, silika yake humwambia akisafishe kwanza. Wake zetu husugua shaba kwa ndimu na majivu, na wengine kwa ukwaju, mpaka sinia ing'are kama jua. Kwa sinia ni sawa. Kwa sarafu ya kale ni msiba. Ule weusi wa fedha na ule wekundu mzito wa shaba ni ngozi ya sarafu. Ukiisugua umeichuna, na mjuzi akiitazama atajua mara moja. Thamani yake yaweza kushuka vibaya sana kwa dakika tano za bidii isiyotakiwa. Iache ilivyo. Ishike kwa ukingo wake, si kwa uso, maana jasho na chumvi ya vidole huacha alama isiyotoka.

"Watu hudhani chuma hakiumii," aliniambia yule mzee. "Yai likiumia utaona papo hapo. Fedha ikiumia utaona mwakani."

NGUO YA KWANZA

Sarafu ya kusafiri huvikwa nguo tatu. Nguo ya kwanza ni ile inayogusa mwili wake, nayo ndiyo ya kuchaguliwa kwa uangalifu zaidi.

Iliyo rahisi kwa bei ni kadi mbili ndogo za mraba zenye dirisha la plastiki nyembamba ya poliesta, ambayo wengi huijua kwa jina la Mylar. Sarafu hukaa katikati, kadi hukunjwa na kufungwa kwa pini za stepula. Hapa kuna hila ndogo: pini zikishaingia, zibane kwa koleo zilale bapa, la sivyo ncha zake zitakwaruza sarafu ya jirani. Iliyo ghali kidogo ni kikopo cha plastiki ngumu, cha duara, kinachofunika sarafu pande zote. Kwa riali au kwa kitu cha thamani kubwa, kikopo hicho ni bora, bora tu kiwe cha kipimo chake, kwani sarafu ikicheza ndani itajikwaruza yenyewe.

Jihadharini na vifuko vya plastiki laini yenye harufu kali, ile harufu ya mpira mpya wa watoto. Hiyo ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa dawa, na dawa hiyo hutoka polepole, hasa katika joto letu hili, ikaacha utelezi wa kijani unaokula shaba na fedha. Kwa siku chache za posta huenda isidhuru, lakini mpokeaji mara nyingi huiacha sarafu humo humo kwa miaka.

Msifunge sarafu kwa raba zile za kufungia noti, maana raba ina kiberiti ndani yake, na kiberiti huisawijisha fedha. Msibandike selotepu juu ya sarafu yenyewe. Msizitunge senti zenye tundu kwa uzi kama tulivyokuwa tukifanya zamani, kwa sababu njiani zitasagana kama meno.

Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, nao ni unyevu wa bahari. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, ambavyo wengi wetu huvitupa, kazi yake ni kunyonya unyevu. Kimoja ndani ya kifurushi chatosha, mradi kisiguse sarafu.

NGUO YA PILI

Nguo ya pili ni ya kuizuia sarafu isitembee. Chukua vipande viwili vya kadibodi ngumu, vikubwa kuliko sarafu kwa vidole viwili au vitatu kila upande, na vidogo kidogo kuliko bahasha. Hakuna haja ya kununua. Boksi la sabuni au la majani ya chai likikatwa kwa mkasi linafaa kabisa.

Bandika ile kadi yenye sarafu juu ya kipande kimoja kwa selotepu, katikati, si pembeni. Kipande cha pili kiweke juu, kisha uvifunge vyote viwili kwa selotepu pande zote nne. Ncha ya selotepu ikunje kidogo iwe kama mkia, ili mpokeaji apate mahali pa kuvutia. Wako watu waliosalimisha sarafu kutoka bara hata bara, kisha ikakwaruzwa na kisu cha mwenyewe akiifungua.

Ukiwa na sarafu kadhaa, zitandaze moja kando ya nyingine kama maandazi katika sinia, wala usizipandanishe. Zikipandana zitafanya uvimbe, na uvimbe ndio unaonaswa na mashine.

Ukimaliza, tikisa karibu na sikio. Ukisikia mlio wowote, hata mdogo, fungua uanze upya. Mlio huo ni sauti ya sarafu ikijiumiza, na pia ni tangazo kwa kila mkono utakaoishika njiani kwamba humo mna chuma.

NGUO YA TATU

Nguo ya tatu ni ya njiani. Kwa sarafu moja au mbili bahasha nene yenye vipovu vya hewa ndani yake inatosha. Kwa zaidi ya hapo, au kwa kitu kizito kama riali, tumia kikasha kidogo cha kadibodi, na nafasi iliyobaki uijaze kwa karatasi zilizofinyangwa mpaka kisibonyee. Gazeti kuukuu linafaa kwa kazi hii, hata hili mnalolisoma, lakini kwa sharti mbili. La kwanza, lisiguse sarafu, kwani wino wake na karatasi yake si rafiki wa fedha. La pili, ukurasa wenye aya au jina la Mwenyezi Mungu usifanywe kifungio. Uondoeni muuweke mahali pa heshima.

Juu ya bahasha andika jina na anwani ya mpokeaji kwa herufi zinazosomeka, na anwani yako nyuma. Nakala nyingine ya anwani iweke ndani, ili karatasi ya juu ikiharibika kifurushi kisiwe yatima. Usiandike nje "sarafu za kale" wala "mali ya thamani". Hiyo si tahadhari, huo ni mnada.

KUPUNGUZA GHARAMA

Sasa tuje kwenye mfuko. Posta hupima kwa uzito, na katika nchi nyingi daraja ya kwanza ya barua huishia gramu 20. Riali peke yake, kabla hujaivika kitu, imekwisha pita hapo. Kwa hivyo pima nyumbani kwa mizani ya jikoni au kwa ile ya duka la jirani, ujue uko daraja gani. Mara nyingine kipande kimoja cha kadibodi kikipunguzwa pembe kinakuteremsha daraja nzima.

Ukiwa na sarafu nyingi za bei ndogo za kumpelekea mtu mmoja, zikusanye katika kifurushi kimoja, kwani gharama ya rejista ni moja iwe ndani mna sarafu moja au kumi. Lakini mkusanyo wote wa maisha yako usiutie katika safari moja. Mabaharia wetu hawakupakia mali ya familia nzima katika jahazi moja.

Pia pima gharama dhidi ya thamani. Senti kumi yenye tundu ya miaka ya 1950, ambayo watu wanayo mikebe mizima, haistahili kulipiwa bima kuliko bei yake. Na kitu kisichopatikana tena, usikionee uchungu wa rejista.

Wale wanaodhani kwamba rejista ni jambo la bure na wasikie habari hii. Mwaka 1958 sonara mmoja wa New York, Harry Winston, alitaka kulipeleka jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington, almasi ya buluu iitwayo Hope, moja katika almasi mashuhuri zaidi duniani. Hakukodi jeshi. Aliifunga katika kifurushi cha karatasi ya kahawia, akaipeleka posta kwa rejista. Alilipa dola 145 na senti 29, na katika hizo ada ya uzito ilikuwa dola 2 na senti 44 tu. Zilizosalia zilikuwa za bima. Ikafika salama. Rejista ina maana kwamba kila anayekipokea kifurushi hutia saini, na kitu chenye saini hakipotei kwa urahisi kama kisicho na mwenyewe.

Kabla ya kufunga, piga picha ya sarafu pande zote mbili, andika uzito wake, na utunze risiti mpaka upate jibu kwamba imefika. Mali bila daftari huisha bila habari.

KANUNI ZA POSTA

Jambo hili nilipolijua lilinitia uchungu upya. Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874 katika mji wa Bern, una kanuni zinazofuatwa na nchi wanachama, nasi tukiwamo. Kanuni hizo zinakataza kutia sarafu, noti, dhahabu, fedha au vito katika barua isiyokatiwa bima, na vifurushi navyo vina masharti yake. Nchi nyingine zina makatazo yao wenyewe juu ya hayo.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba ile bahasha yangu ya mwaka 1994, mbali ya kuwa dhaifu, haikuruhusiwa. Lau ningekwenda kudai fidia, karani angeniuliza, "Ndani mlikuwa na nini?" nami ningebaki kinywa wazi.

Basi kabla ya kufunga, nenda dirishani uulize mambo matatu: je, nchi ninayopeleka inapokea sarafu kwa posta? Je, bima ipo kwa nchi hiyo, na mwisho wake ni kiasi gani? Je, nijaze fomu gani ya forodha? Kwa kawaida ni CN22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN23 kwa vya thamani kubwa. Katika fomu hiyo andika kweli. Wako watu wanaoandika "vifungo" au "zawadi ya mtoto" ili wakwepe ushuru. Kitu kikipotea hulipwa bei ya vifungo, na kikifunguliwa hushikwa. Kunyamaza nje ya bahasha ni busara. Kusema uongo ndani ya fomu ni dhambi na hasara pamoja.

Na kwa ndugu zangu Waislamu wanaonunua na kuuziana dinari za dhahabu na riali za fedha kwa posta, liko suala la kupokezana mkono kwa mkono ambalo wanavyuoni wamelizungumza sana. Mimi si mufti. Waulizeni masheikh wenu kabla ya kulipa, si baada.

MALI YA MTU NA MALI YA NCHI

Liko jingine ambalo wengi hatulijui. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kitu chochote cha kuchukulika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na nyaraka, kuwa ni kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo. Pesa ya Barghash iliyokuwa ikitumika hapa tangu zamani hizo imo. Shilingi ya simba haimo.

Na riali ya shangazi je? Hapo ndipo penye fumbo. Mwaka 1780 ulioandikwa juu yake ndio mwaka aliofariki malkia yule, lakini riali hizo ziliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo kwa zaidi ya karne, Vienna na kwengineko, hata London na Bombay. Kwa hivyo mwaka wake hauelezi umri wake. Huenda iliingia Mombasa kwa jahazi zama za Sayyid Said, na huenda iliingia wakati nyanya yetu alipokuwa msichana. Siwezi kuapa.

Wako watakaosema, "Funga upeleke, nani atajua?" Lakini mimi nimekwisha wahi kufunga na kupeleka bila ya kuuliza.

BARUA YA PILI

Mwanzoni mwa mwaka huu nilipata barua kutoka Muscat. Yule mtoto aliyezaliwa 1994 sasa ni mama. Ameandika, "Ami, baba ameniambia kwamba nyanya aliniachia riali mbili. Ya pili iko kwako. Ya kwanza anasema ilipotea, lakini nikimuuliza ilipoteaje hunijibu nikuulize wewe."

Ilinichukua siku nyingi kushika kalamu. Kuifunga riali ya pili kulikuwa rahisi kuliko kulijibu swali lile. Nimeitia katika kikopo chake, nimeibana kwa kadibodi za boksi la majani ya chai, nimeiweka ndani ya kikasha, nimetikisa, haikulia. Lakini sijaipeleka posta. Kwanza nitaichukua Fort Jesus, niwaonyeshe watu wa makumbusho, wanieleze kama inahitaji kibali. Wakiniambia nisubiri nitasubiri. Wakiniambia haitoki, nitamwandikia aje aione hapa nyumbani kwao, ndani ya kijaluba kile kile.

Barua yake nimekwisha imaliza, nayo itakwenda hata kama riali itabaki. Ndani yake nimemweleza habari ya bahasha, na ya pembe iliyopasuka, na ya jibu nililompa nyanya yake mlangoni. Nimemwomba anisamehe kwa niaba yake, maana yeye marehemu siwezi kumfikia tena kwa posta yoyote.

Nanyi wasomaji wangu, mkipewa kitu cha mtu mkaambiwa, "Nifikishie," msiseme inshallah kisha mkalamba gundi. Ulizeni, pimeni, fungeni. Na kikipotea baada ya hayo yote, basi semeni kwamba kimepotea.

Amana si kitu duni, mwenye kupewa ashike,
Usiiache njiani, bahasha ikapasuke,
Ifunge kwa umakini, kwa mwenyewe ikafike,
Kweli iwe mdomoni, haya isikufunike.